Mailo na Maili: Historia ya Neno Moja la Kiingereza katika Ardhi ya Buganda

"Mdai anamiliki maili wilayani Mukono, na mdaiwa ni mpangaji wake katika kiwanja hicho." Sentensi hii niliikuta katika rasimu ya tafsiri ya hati ya shauri la ardhi niliyoombwa kuipitia hapa Kampala. Kisarufi haina dosari. Hata hivyo, msomaji wa Dodoma au Mombasa atajiuliza mtu anawezaje kumiliki umbali, na msomaji wa Kampala atatambua kwamba mdaiwa amekwisha kunyang'anywa haki zake kabla hakimu hajafungua jalada. Mfasiri alikuwa ameliona neno "mailo", akadhani ni matamshi ya Kiganda ya neno "maili", akalisahihisha.

Kwa upande wa asili ya neno, dhana yake haikuwa ya kipuuzi. Neno la Kiingereza "mile" lina chanzo chake katika Kilatini, ambamo lilitaja hatua elfu moja za Warumi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1593 ndiyo iliyolipa urefu wa futi 5,280. Lilipoingia Afrika Mashariki lilihitaji irabu ya mwisho. Kiswahili kilichagua "i", kama kilivyofanya katika "faili". Kiganda kilichagua "o", kama katika "fayiro". (Isidhaniwe kwamba "o" hiyo ni upekee wa Waganda: Kiswahili nacho kina "taulo".) Maili na mailo, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Kilichowatenganisha ni tukio la kisiasa lenye tarehe inayojulikana.

Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya serikali ya Uingereza, na mawakili wa ufalme Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitatu, walitia saini mkataba ambao kifungu chake cha 15 kiliigawa nchi kwa tarakimu. Buganda yote ilikadiriwa kuwa maili 19,600 za mraba, kabla haijapimwa. Kabaka alipewa 350. Kila mmoja wa wakuu 20 wa masaza alipewa nane zake binafsi na nane nyingine za cheo. Wakuu wengine na wamiliki binafsi 1,000 walitengewa 8,000, kwa wastani wa nane kila mmoja. Maili 9,000 za mraba ziliitwa ardhi ya nyika na zikawekwa chini ya serikali ya kikoloni. Mkataba wenyewe ulieleza kwamba, katika kuufasiri, matini ya Kiingereza ndiyo itakayozifunga pande zote mbili.

Ni hapo neno lilipobadilika. Kiingereza cha mkataba kilisema maili "za mraba". Mazungumzo ya Kiganda yaliacha sifa hiyo na kubakiza kipimo peke yake. Kuachwa huko kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Eneo la maili nane za mraba lina ekari 5,120. Eneo ambalo kila upande wake una maili nane lina maili za mraba 64, yaani ekari 40,960. Waingereza wenyewe huzikosea semi hizo mbili mara kwa mara. Kiganda kiliondoa utata huo kwa njia yake: mailo ikawa jina la eneo, urefu ukasahauliwa. Hadi leo madai ya Buganda juu ya ile nyika huitwa "mailo akenda", mailo elfu tisa, na hakuna anayemwelewa msemaji kuwa anazungumzia safari.

Hatua ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Buganda ya mwaka 1908 ililitumia neno hilo kwa namna ya kumiliki, ikitofautisha mailo ya mtu binafsi na mailo ya cheo. Tangu hapo mtu mwenye nusu ekari anaweza kuwa na ardhi ya mailo, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama neno lingali kipimo.

Tatizo ni kwamba watu waliogawiwa ardhi hawakuikuta tupu. Wakulima walikuwa na bibanja vyao, migomba yao na makaburi ya wazee wao, na ghafla wakawa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 ilizuia wenye mailo kuwatoza watakavyo na ikawapa wenye bibanja usalama wa kukaa. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 iliifuta mailo na kuigeuza kuwa ukodishaji wa muda maalumu. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha, ikiitaja katika Ibara ya 237 kuwa mojawapo ya namna nne za kumiliki ardhi nchini, pamoja na ile ya kimila, milki huru na ukodishaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaeleza sifa zake: ni umiliki uliosajiliwa, hauna ukomo wa muda, chimbuko lake ni mgao wa mwaka 1900, na unaruhusu mwenye ardhi awe mmoja na mwenye maendelezo juu ya ardhi hiyo awe mwingine.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponyoka wengi, wakiwemo waandishi wa Kiingereza wanaoita mailo "milki huru ya Buganda". Kutokuwa na ukomo wa muda ni kweli kwa zote mbili. Lakini anayenunua ardhi ya mailo hununua pia uhusiano na mkaaji halali au mkaaji wa nia njema, na marekebisho ya mwaka 2010 yanamtaka awe na amri ya mahakama kabla ya kumwondoa, tena kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi ya mwaka. Mjadala wa kuibadilisha au kuifuta mailo ulipowaka upya mwaka 2021, wapo waliozungumza kana kwamba tofauti ni ya jina tu.

Kwa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa maneno yetu yanafanana na yale. "Kiwanja" ni sehemu iliyopimwa kwa ajili ya kujenga; kibanja ni haki ya kukaa na kulima, na wasemaji wa Kagera wanalijua neno hilo vizuri kuliko sisi wanaisimu. "Mpangaji" ni mtu wa chumba, anayeweza kuambiwa ahame mwisho wa mwezi. Kumwita hivyo mwenye kibanja ni kumpa hadhi ambayo sheria haikumpa.

Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitumia. Sheria za ardhi zitafasiriwa, na swali ni nani atakayeshauriwa. Daudi Chwa, yule mtoto wa 1900, ndiye aliyeandika mwaka 1929 kuupinga mpango wa kukitawaza Kiswahili katika Buganda. Hofu yake haitapungua iwapo tutayachukulia maneno ya Kiganda kuwa makosa ya tahajia. Pendekezo langu kwa watunga istilahi ni kwamba mailo, kibanja na busuulu yaingizwe katika Kiswahili yalivyo, kila moja likiwa na fasili yake ya kisheria, na "maili" ibaki barabarani. Ile sentensi ya hati niliirudisha kwa mfasiri ikisomeka hivi: "Mdai anamiliki ardhi ya mailo wilayani Mukono, na mdaiwa ana kibanja katika ardhi hiyo."