Ugumu wa vidonge katika hifadhi

Ugumu wa kidonge ni nguvu inayohitajika kukivunja kidonge cha dawa kilichotengenezwa kwa kugandamiza unga. Hupimwa kwa kukibana kidonge kati ya taya mbili za mashine mpaka kivunjike, na kizio chake ni nyutoni. Ugumu huo haubaki uleule: kidonge kinaweza kukakamaa au kulegea kikiwa bado kwenye kopo lake.

Mabadiliko mengine huanza mapema sana. Vidonge vya chumvi ya kawaida, kwa mfano, huongezeka nguvu katika saa ya kwanza tu baada ya kugandamizwa.

Kisababishi kikubwa baadaye ni unyevu wa hewa, unaopenya katika nafasi ndogo zilizopo kati ya chembe. Chembe zinazoyeyuka majini, kama za chumvi au sukari, huyeyuka kidogo kwa nje. Hewa ikikauka, kilichoyeyuka huganda tena na kuziunganisha chembe, jinsi chumvi ya jikoni inavyoshikana kuwa bonge. Vidonge vyenye selulosi nyingi kwa kawaida hufanya kinyume: hufyonza maji na kulainika. Pia viungo vinavyowekwa ili kidonge kisambaratike tumboni huweza kuvimba kabla ya wakati na kukidhoofisha.

Kidonge laini humeng'enyeka njiani, na mgonjwa huona. Kilichokakamaa ni hatari zaidi kwa sababu huonekana kizima, na kiasi cha dawa ndani yake huenda hakijapungua, ila hakiyeyuki inavyotakiwa. Mfano unaojulikana ni karbamazepini, dawa ya kifafa. Ikipata unyevu, fuwele zake hushika maji na kidonge huwa kigumu. Mwaka 1990 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilionya kwamba vidonge hivyo vikiwekwa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya ufanisi wake. Kwa mwenye kifafa, upungufu huo unaweza kurudisha degedege.

Kabla ya kuuzwa, vidonge hujaribiwa kwa kuwekwa miezi 6 katika nyuzijoto 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75. Majaribio hayo hufanywa dawa ikiwa ndani ya kifungashio chake cha kuuzia. Vidonge vilivyohamishiwa kwenye bahasha ya karatasi havina tena kinga hiyo.