Uponaji wa majeraha ya ngozi kwa wanyama

Uponaji wa jeraha la ngozi ni mfululizo wa hatua ambazo mwili hupitia ili kuziba sehemu iliyochanika: damu huganda, uvimbe hutokea, seli mpya hujaza pengo, kisha tishu hujipanga upya. Mamalia wengi hufuata hatua hizo, lakini matokeo hutofautiana sana.

Ngozi ya binadamu na nguruwe imeshikamana na tishu za chini, hivyo kidonda hujazwa zaidi na tishu mpya na kuacha kovu. Panya wa kawaida ana ngozi iliyolegea. Hivyo kingo za jeraha lake huvutwa zikakutana upesi. Vidonda vya miguu ya farasi mara nyingi huota nyama ya ziada inayozuia ngozi kufunga, na daktari wa mifugo hulazimika kuikata.

Wa kustaajabisha kuliko hao ni panya-miiba wa Afrika, wa jenasi Acomys. Utafiti wa spishi mbili za Kenya, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa ngozi yake ni dhaifu mno. Akikamatwa, ngozi huchanika naye hutoroka, pengine akipoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongoni. Kisha huotesha ngozi mpya yenye nywele na tezi za mafuta, jambo adimu kabisa kwa mamalia mzima. Tundu la milimita 4 sikioni mwake huzibwa pamoja na gegedu. Kolajeni ya jeraha lake hujengwa kwa ulegevu, si kwa msongamano unaozaa kovu.