Mgeni wa Kitale, Mgeni wa Bungoma: Upweke wa Wahamiaji Katika Miji ya Pembeni

Mtumishi wa serikali anayepata uhamisho kutoka Nairobi kwenda Kitale hupewa pole na wenzake. Mji huo uko kilomita 380 hivi kutoka mji mkuu, na ukiupita kuelekea kaskazini barabara inakupeleka Kapenguria, kisha Lodwar, kisha mpaka wa Sudan Kusini. Pole hiyo imebeba nadharia nzima: kwamba umbali ndio unaomtenga mtu, na kwamba mji ulio pembeni humwacha mhamiaji peke yake. Wanasosholojia wa mwanzo walidai karibu kinyume chake. Georg Simmel mwaka 1903, na Louis Wirth mwaka 1938, waliliona jiji kubwa kuwa ndilo linalowafanya watu wakae bega kwa bega bila kujuana. Kwa maoni yangu wote hawa, walio Nairobi na walio vitabuni, wanapima kitu kisichohusika sana. Upweke wa mhamiaji hutegemea masharti ya kupokelewa kwake: kama ana ardhi au karatasi inayotambulika, kama wapo watu ambao desturi inawalazimisha kumzika, na kama mji aliohamia una kundi moja linaloujua kuwa ni wake. Kitale na Bungoma zimetenganishwa na mwendo wa saa mbili hivi kwa matatu, lakini kwa masharti hayo matatu zinatofautiana sana. Ndiyo sababu nazilinganisha.

Kitale ulianzishwa na wageni. Walowezi wa Kizungu waliuweka mwaka 1908 kwenye nyanda zilizo kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ardhi iliyokuwa ya malisho na uwindaji ya Wasabaot, Wapokot na Wasengwer. (Mwaka huohuo Simmel alichapisha insha yake nyingine, inayomhusu mgeni ambaye hakupita njia bali amebaki. Sijui mlowezi yeyote wa Trans Nzoia, wilaya ya Kitale, aliyeisoma, ingawa ilimhusu.) Tawi la reli kutoka Eldoret lilifika mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kutokea, na mashamba yakahitaji mikono. Mikono hiyo ilitoka hasa Kavirondo Kaskazini, katika sehemu ambazo leo ni Kaunti ya Bungoma. Wabukusu walikuja wakiwa maskwota: mlowezi aliwapa mahali pa kulima na kulisha ng'ombe, nao wakampa siku zao za kazi.

Mtu angetarajia kwamba watu hao, waliotawanywa mashambani chini ya sheria kali za mienendo, wangekuwa wapweke kuliko wote. Ushahidi unaonyesha vingine. Katika miaka ya 1940, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyozaliwa upande wa Kimilili, ilipata wafuasi wengi miongoni mwa maskwota wa Trans Nzoia. Wanahistoria wameijadili sana kama harakati ya kidini na ya kuupinga ukoloni. Mimi naisoma pia kama kipimo cha mawasiliano. Ujumbe ulitoka kijijini ukafika shambani kwa mlowezi, ukaimbwa usiku na kufanyiwa kazi asubuhi, kwa kasi ambayo polisi hawakuipenda. Skwota hakuwa na haki juu ya ardhi, lakini ukoo wake ulikuwa umeandamana naye.

Kabla na baada ya uhuru, Kitale uligombaniwa. Tume ya mipaka ya mikoa ya mwaka 1962 iliuacha katika Bonde la Ufa, ingawa mwanasiasa Masinde Muliro na Waluhya wengi, Wabukusu wakiwemo, walitaka uwe sehemu ya Magharibi. Mipaka hiyo haikuwazuia watu. Kampuni za kununua ardhi na vyama vya ushirika vilileta Wabukusu zaidi, Wakikuyu, Wakisii, Wanandi na wengine kwenye mashamba yaliyoachwa na walowezi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzia hapo mwaka 1956, na mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965, yaliajiri watu wa kila upande. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Kaunti ya Trans Nzoia. Ukikaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Kitale utasikia Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote, na ukimuuliza mtu kwao ni wapi atakutajia mahali pengine bila kuona haya. Mgeni mpya katika mji wa namna hii hana lililo geni la kueleza.

Hata hivyo, kuwa wageni pamoja hakutoshi kuondoa upweke. Lazima pawe na vyombo. Mwanasaikolojia Robert Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alitenganisha upweke wa kukosa mtu wa karibu na upweke wa kukosa kundi. Kitale haina dawa ya ule wa kwanza, na hakuna mji ulio nayo. Kwa ule wa pili kuna chama cha akina mama kinachokutana kila mwezi, kuna kanisa, na kuna jumuiya ya watu waliotoka tarafa moja ambayo huchanga kwa ajili ya hospitali na, zaidi ya yote, msiba. Katika Kenya, mhamiaji hujua kama yuko peke yake siku anapofiwa. Nani atakesha? Nani atalipia jeneza na gari la kusafirisha mwili? Na mwili utapelekwa wapi?

Swali hilo la mwisho lilifikishwa mahakamani katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi mwezi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwaka 1987 ukoo ulishinda. Uamuzi huo kwa kawaida husomwa kama ushindi wa mila dhidi ya mke. Mhamiaji ana sababu ya kuusoma pia kama tamko kwamba mjini, hata ukaishi maisha yako yote, una nyumba tu, na kwenu ni kwingine. Kitale umekwenda njia tofauti. Makamu wa Rais Michael Wamalwa Kijana alipofariki mwaka 2003 alizikwa katika shamba lake Kitale, na hakuna aliyeshangaa. Wapo Wabukusu wa Trans Nzoia ambao mababu zao wako kwenye udongo huo tayari, na kwao safari ya Bungoma ni ya kutembelea jamaa.

Sasa tuteremke Bungoma. Kwa ramani, huu si mji wa pembeni. Reli kuu ya Uganda inaupitia, na barabara ya Malaba yenye malori ya mizigo iendayo Kampala na Kigali inapita Webuye na Kanduyi. Kaunti ilikuwa na watu 1,670,570 mwaka 2019. Mwalimu kutoka Kisii au karani wa benki kutoka Machakos akipelekwa huko hatapewa pole nyingi. Lakini nadhani ndiye anayeistahili zaidi kuliko mwenzake wa Kitale.

Bungoma ina wenyewe. Mgeni atasalimiwa vizuri, na chakula atapewa hadi akatae, kwa maana ukarimu wa Wabukusu si hadithi. Ila mambo yenye uzito hufanyika kwa Lubukusu: bei ya ng'ombe sokoni Chwele, hesabu za mchango, utani. Afapo mzee mwenye hadhi, hufanyika kumuse, ambapo msemaji maalumu hutembea mbele ya umati akisimulia historia ya ukoo na kuiasa jamii. Ni mojawapo ya sanaa kuu za usemi katika nchi hii. Mgeni huwekewa kiti, huletewa soda, na hukaa hapo saa nyingi bila kupata neno. Hakuna aliyemfukuza. Huo ndio upweke ambao takwimu hazijui kuuliza.

Kisha huja Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara. Kwa Mbukusu ni wakati wa kuunganishwa na rika lake na wote waliotangulia. Hata aliye Kitale, Nairobi au ng'ambo hujitahidi kurudi au kutuma pesa. Kwa mwanamume aliyetoka kwenye jamii isiyotahiri kwa mila, Mjaluo hasa au Mturkana, wiki hizo zinaweza kuwa za hofu. Magazeti yameripoti zaidi ya mara moja visa vya wanaume kutahiriwa kwa nguvu Magharibi na sehemu za Bonde la Ufa. Visa hivyo ni vichache, wazee wengi huvilaani, na ni uhalifu mtupu. Lakini mwanamume anayechelea kutoka nje usiku kwa mwezi mzima hahitaji kisa kimfike yeye ili ajue mahali pake. Sherehe ileile inamfunga mmoja na jamii na kumfungia mwingine chumbani.

Msomaji wa Kitale asijipongeze bado. Kuna Kipsongo.

Kipsongo ni makazi duni ya Waturkana kandoni mwa mji wa Kitale. Walifika kwa miongo mingi wakikimbia ukame na wizi wa mifugo, wengi wakiwa wamepoteza mnyama wa mwisho. Kati ya wahamiaji wote wa Kitale, wao ni miongoni mwa wale ambao kwao ni karibu: barabara moja tu, kupitia Marich na Kainuk. Ni raia, hawakuvuka mpaka. Lakini ndio waliotengwa kuliko wote. Wanaishi katika vibanda vya miti, magunia na plastiki, wanaokota vyuma na mabaki sokoni, na watoto wao wanajulikana mjini kwa jina la chokora. Kwa nini? Mbukusu aliingia Trans Nzoia na jembe, ambalo mlowezi alilihitaji. Mkikuyu aliingia na hisa katika kampuni ya ardhi. Mturkana aliingia na ujuzi wa mifugo katika wilaya ya mahindi. Na kwao hakuna cha kurudia, kwa kuwa kwa mfugaji kijiji bila mifugo hakimpi nafasi. Chama kinahitaji mchango wa kila mwezi, ambao hana, kwa hiyo hata vile vyombo vya kuondoa upweke nilivyovisifu juu vinamfungia mlango. Hapa umbali wa kijiografia hauelezi kitu hata kidogo.

Wasengwer wanaongeza kisa kigumu zaidi kwa nadharia ya umbali. Hao hawakuhama. Mji, mashamba na misitu iliyotangazwa kuwa ya serikali vilihamia juu yao, wakawa wageni mahali walipozaliwa.

Tofauti na Waturkana, familia za Sudan Kusini zimevuka mpaka. Tangu vita vya kabla ya uhuru wa nchi yao, na tena baada ya Desemba 2013, nyingi zimepanga nyumba Kitale, mara nyingi mama na watoto, baba akiwa Juba au kwingineko akituma karo. Kitale unawafaa kwa shule zake na kwa kuwa njiani kuelekea Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Wana makanisa yao na jamaa zao, kwa hiyo kundi wanalo. Wanachokosa wakilinganishwa na Mbukusu ni karatasi. Sera ya Kenya kwa miaka mingi imemtaka mkimbizi akae kambini na kuomba ruhusa ya kutoka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ililegeza baadhi ya mambo lakini haikuufuta msingi huo. Mtu anayeogopa kuulizwa kitambulisho hupunguza matembezi. Hujua majirani wa ploti yake, duka moja na kanisa moja, na mji wote uliobaki huwa mandhari.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni vurugu. Endebess, Saboti na Kwanza, zote katika Trans Nzoia, ziliungua katika mapigano ya 1991 na 1992; baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliotoka makwao walijaa tena kambini, Endebess ikiwemo, huku upande wa Mlima Elgon, ndani ya Bungoma yenyewe, mzozo wa ardhi ya Chebyuk ukiwa umekwisha kuzaa wapiganaji wa SLDF, kundi la Wasabaot lenye silaha, na kisha operesheni ya jeshi ya Machi 2008. Je, huu ndio mji wa wageni usio na mwenyewe? Nakubali kwamba jirani wa miaka 20 aliweza kugeuka kwa usiku mmoja. Ila angalia kilichowarudisha waliokimbia. Waliokuwa na hati ya shamba walikuwa na sababu ya kurudi na jina la kudai. Wapangaji na vibarua wengi walitawanyika. Vurugu hazikuwagawa watu kwa umbali wa asili yao, bali kwa nguvu ya dai lao juu ya mahali. Zaidi ya hayo, hofu ya uchaguzi ina kalenda yake, kama ile ya tohara. Agosti 2022 kalenda hizo mbili zilikutana mwezi mmoja.

Simu imebadilisha mengi, lakini si kwa upande mmoja. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mhamiaji huchangia harusi ya kwao akiwa amekaa Kiminini, na hutazama mazishi kwenye kundi la WhatsApp. Anapunguza upweke wa leo, na nadhani anaahirisha kazi ngumu ya kujifunza lugha ya alipo. Mwanamke aliyeolewa Bungoma kutoka mbali hujifunza Lubukusu kwa lazima, kwa mama mkwe. Mhasibu wa kiume anayekaa peke yake hana wa kumlazimisha.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ameathiriwa na upweke. Vipimo vya aina hiyo huuliza mtu anajisikiaje. Kwa miji yetu ningependa viulize pia nani atauchukua mwili wake, na kama ana hofu ya kutoka nje mwezi wowote wa mwaka. Kwa maswali hayo hoja yangu inaweza kukanushwa, na ipo sehemu nzuri ya kuijaribu. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015, kinaleta Bungoma vijana wa kila kaunti, nao wanapanga vyumba kwa Wabukusu na kusali kwa Kiswahili. Ikiwa nimesema kweli, mgeni wa Bungoma miaka 20 ijayo atakuwa na upweke mdogo kuliko wa leo, ingawa mji utakuwa palepale. Na Mturkana wa Kipsongo, asipopata ardhi, atakuwa kama alivyo, hata barabara ya Lodwar ikitiwa lami mpya kila mwaka.