Nani Amemkataza Ziwa?

Filamu ya kivita ilikwama palepale jambazi mkuu alipokuwa anakaribia kula kichapo. Kijana wa kibanda akachomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena. Badala ya jambazi ikatokea pwani ya kijivu yenye upepo, na juu ya mchanga mnyama mweupe, mnene kama mto wa kulalia, amelala peke yake, macho meusi yamejaa maji.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo katika senta ya Rwekubo, upande wa Isingiro tunakotokea sisi tunaokwenda na kurudi kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watoto walikuwa wameshalipa, na aliyelipa haondoki. Kijana akashika maiki. Uganda ina ufundi wake katika vibanda vya video: mtu huketi kando ya skrini akaifasiri filamu palepale, na vichekesho vyake juu. Huitwa vijee, na wengi wao hutumia Kiganda. Wetu hutumia Kiswahili, maana kwenye benchi lake moja hukaa Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na mtoto wa Kinyankole aliyetumwa maziwa akasahau kurudi nyumbani. Serikali ya Uganda ilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, sokoni Nakivale kilikuwa kimeshauza nyanya kwa miongo.

“Huyu,” akaanza vijee, “ni… mbwa ya maji.”

“Mbwa gani haina miguu?” akauliza mtoto wa mbele.

Mama mmoja wa Kikongo anayeuza mandazi mlangoni akaingiza kichwa. “Na mama yake iko wapi?”

Vijee akanigeukia. “Mwalimu, saidia.”

Mimi ni mtu wa kamusi, na mtu wa kamusi akiombwa msaada hadharani hujibu upesi kuliko inavyofaa. Nikasema kwa sauti: “Ni mtoto wa sili. Mama yake amemwachisha ziwa.”

Mzee wa Kirundi aliyekaa nyuma, mvuvi wa Ziwa Nakivale, akasimama nusu. “Amemwachisha ziwa? Nani amemkataza ziwa? Na yeye ana leseni?”

Kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini usiku ule sikulala vizuri. Miaka yote nimesema *ziwa* la mama na *ziwa* la maji bila kugongana nayo. Wingi wa yote mawili ni *maziwa*, na maziwa yenyewe ya kunywa yamo humo humo, hivi kwamba mtu mwenye akili ya utundu anaweza kuitazama ramani ya Maziwa Makuu akaona matiti. Pwani ya Uswahilini hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu ziwa la maji liko mbali. Hapa Isingiro liko mwisho wa njia, linalisha watu na lina sheria zake. Neno moja, ukilihamishia mahali ambapo kitu cha pili kipo kweli, linaanza kutoa maana zote mbili kwa pamoja.

Kesho yake nilirudi kwenye neno jingine ambalo nilipaswa kulitumia tangu mwanzo. Kiswahili kina *kulikiza*. Kumlikiza mtoto ni kumwachisha kunyonya. Na kumlikiza mtu ni kumpa ruhusa aende akapumzike. *Likizo*, neno wanaloliimba wanafunzi muhula ukiisha, lina maana hizo mbili kwenye kamusi zetu, ingawa ya kwanza imekaribia kuzikwa. Nilimwambia mvuvi. Akatikisa kichwa, akasema kwao *kureka* ni kuacha, na kwamba masikio yake yanayasikia *kureka* na *kulikiza* kama ndugu. Mnyankole aliyekuwa akimpimia maziwa akasema kwao pia ni *kureka*. Sikuwabishia, hata mimi nayasikia hivyo.

Nani katika viumbe alikizwaye vikali kuliko mtoto wa sili? Yule tuliyemwona ni sili wa kijivu, wa aina inayozaa Novemba na Desemba huko Donna Nook, pwani ya mashariki ya Uingereza, ambako watu hupanga mstari nyuma ya uzio kuwatazama. Huzaliwa na kilo kama 14, amevaa manyoya meupe. Maziwa ya mama yake ni mazito mno, zaidi ya nusu ni mafuta, na mtoto huongeza karibu kilo mbili kwa siku. Mama katika siku hizo hali kitu. Anajiyeyusha mwenyewe akimmiminia mwanawe. Siku ya kumi na nane hivi, mtoto akiwa na uzito mara tatu ya aliozaliwa nao, mama anaingia baharini, basi. Hamfundishi kuogelea, hamwonyeshi samaki, harudi kumwangalia. Sili mwenye kofia, wa Atlantiki ya kaskazini, ana haraka zaidi: siku nne tu na kazi imekwisha.

Mtoto anabaki na shahamu yake. Anaishi kwa hiyo wiki kadhaa bila chakula, manyoya meupe yanapukutika, na njaa ndiyo inayomsukuma majini. Watoto wa sili-tembo wa kusini, wakishalikizwa, hukaa ufukweni wiki nyingi wakijaribujaribu kuzamia kwenye maji mafupi, kama watoto wa kandokando ya ziwa wanavyojifunza kabla hawajaruhusiwa kupanda mtumbwi. Wengi katika sili wa kijivu hawaufikii mwaka mmoja: dhoruba, njaa, mawe. Aliyelikizwa akiwa mnene ana nafasi kubwa zaidi kuliko aliyekonda. Shahamu ndiyo masurufu yake, urithi wake wote.

Kiumbe wa namna hii anahitaji jina, na hapo ndipo nilipofungua kabati la vikembe.

Msomaji aliyesoma Kenya analijua kabati hilo. *Kikembe* ni mtoto wa mnyama, na vizazi vya wanafunzi wamekariri orodha yake kwa ajili ya mtihani: shibli wa simba, kisui wa chui, kigwena wa mamba, kitungule wa sungura, kinengwe wa papa, kihongwe wa punda, kiluwiluwi wa chura, jana wa nyuki. Naipenda orodha hii kama mtu anavyopenda sahani za harusi za bibi yake: nzuri, zimepangwa, hazipakuliwi wali. Kifaranga, ndama na kinda zinafanya kazi kila siku. Kitekli wa farasi sijamsikia akitajwa na mtu yeyote mwenye farasi. Na sili hana lake, kwa sababu hata yeye mwenyewe jina lake tumelipokea kutoka Kiingereza tukalitia irabu mwishoni.

Ukitaka kuona kikembe kinavyoishi, usiende kwenye kitabu, nenda kwenye zizi. Mzee wa Kinyankole hasemi ng'ombe tu; anasema *bihogo*, anasema *gaaju*, kila moja rangi yake, na ndama kwake ni *enyana*. Msomali wa Nakivale, ambaye ngamia wake wamebaki nyuma ya mipaka miwili, bado ana *nirig* kwa mtoto mchanga wa ngamia na *qaalin* kwa aliyekwisha kukua kidogo. Nilimuuliza muuza duka mmoja wa Kisomali kama anayatumia maneno hayo hapa ambapo hapana ngamia. Akacheka: “Wallahi mwalimu, mwanangu wa pili namuita nirig, ana miguu mirefu.” Kikembe kikikosa mnyama wake hutafuta mtoto wa mtu.

Wenzetu wenye sili hawana cha kujivunia sana. Waingereza wamemwita mtoto jina la mtoto wa mbwa, mama wakamwita ng'ombe, baba fahali, na mahali wanapozalia wakapaita kwa jina la kundi la viota vya kunguru. Yaani mbwa aliyezaliwa na ng'ombe juu ya mti. Wafaransa wana sili mmoja wanayemwita ndama wa bahari, na Waarabu nao wana jina lenye maana hiyohiyo. Wajerumani humwita sili mbwa wa bahari, kwa hiyo vijee wetu, bila kujua, alikuwa na msafara mkubwa nyuma yake. Ila Wajerumani wana neno moja la kuwaonea wivu: mtoto wa sili aliyepotezana na mamaye humwita *Heuler*, yaani mwenye kulia kwa sauti ndefu. Hawakumtaja kwa umbo. Wamemtaja kwa hali aliyomo.

Hapo nami nikapata langu. Yule mweupe wa kwenye skrini hakuwa ametupwa wala hakupotea. Alikuwa amelikizwa. Basi aitwe *mlikizwa*, walikizwa. Neno lina mofolojia safi, lina mzizi wa kwetu, linamweleza kwa lile lililompata. Nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari mara mbili.

Limebaki tatizo la kitenzi. Mlikizwa akifika mwaka wa kwanza akiwa hai, amefanya nini? *Amenusurika* ni la taarifa ya habari, lina ajali ndani yake. *Amesalimika* lina utulivu mno. *Ameokoka* nililijaribu kibandani Jumamosi iliyofuata, maana watoto walidai filamu ya sili irudiwe, na mama wa mandazi akaitikia “Amina!” kwa nguvu. Kosa langu. Katika nchi hii iliyopokea uamsho wa walokole tangu miaka ya 1930, aliyeokoka ana Biblia mkononi na ushuhuda mdomoni. Watoto wakataka kujua kama sili amebatizwa, na mmoja akajibu kwamba ndiyo, si anaishi majini?

Niliyapata majibu nje, na sikuyatafuta.

Nyuma ya kibanda kuna kiwanja cha vumbi ambapo likizo nzima unachezwa kwepena. Neno ni la Kiganda, kukwepa, na *kwepa* yetu imesimama karibu nalo kiasi kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuhitaji kufasiriwa. Watanzania wangeutambua ukoo wa mchezo kwa majina ya rede na nage, Wakenya kwa kati. Warushaji wawili wanasimama pande mbili na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Katikati kundi la timu nyingine, linakwepa. Chupa tupu iko pale chini: aliye katikati ajaze mchanga, aimwage, asiguswe. Ukiguswa umekufa, unatoka. Katika sheria ya kiwanja hiki, akibaki mmoja tu akakwepa mipira kumi, wafu wote wanarudi.

Kando yao wasichana wa Kikongo wanacheza nzango, mistari miwili uso kwa uso, makofi, nyimbo, kuruka, halafu kila mmoja anatoa mguu kwa ghafla: miguu ikilingana upande mmoja umeshinda, ikitofautiana umeshinda upande wa pili. Huu ulikuwa mchezo wa uani mwa shule katika Kongo zote mbili, ukapata sheria za maandishi na mashirikisho, ukachezwa hadi kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Maofisa walipoukuta tayari ulikuwa na jina, nao wakaupokea na jina lake. Nalikumbuka hilo kila ninapokaa kwenye kamati ya istilahi. Kompyuta tuliwahi kuiita ngamizi, tukaiita tarakilishi. Watu wakaendelea kuwasha kompyuta.

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda nikila rolex, chapati yetu ya kukunjwa na mayai. Mpira ukampita mtoto mmoja kwenye sikio. “Nimepona!” akapiga kelele. Mwingine ukamgusa shati. “Umekufa!” “Sijakufa, ni nguo!” Ukampita wa tatu: “Napona, napona!” Kupona. Neno la zahanati, nilidhani, la mtu aliyeamka kitandani baada ya malaria. Lakini hawa walilitumia kwa maana yake ya kale, ya kutoka katika hatari ukiwa mzima, kama tunavyosema mtu kapona chupuchupu, na walilitumia mara kumi kwa dakika. Mtoto wa sili akifika mwaka wa kwanza *amepona*. Nililiandika chini ya mlikizwa, bila mstari.

Halafu katikati akabaki mmoja. Alikuwa mdogo kuliko wote, ametuna mashavu, fulana nyeupe ya mtu mkubwa imemfika magotini. Wenzake wote walikuwa wamekufa, wamejipanga pembeni. Hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni kulala: kila mpira ukija alijibwaga chini kwenye vumbi, tumbo mbele, akainuka mweupe nusu na mwekundu nusu.

“Sili!” akapiga kelele mmoja wa wafu.

“Sili! Sili! Lala, sili!”

Nikasimama. Nilikuwa na daftari mkononi. Nilimwambia aliye karibu nami, msichana mwenye mpira wa akiba kwapani, kwamba kwa hakika yule tungemwita mlikizwa, kwa sababu sili ni mnyama mzima, na huyu ameachwa peke yake akiwa bado mdogo.

Aliniangalia kwa adabu yote. “Hapana, mwalimu. Kila anayebaki mwisho ni sili. Hata jana mimi nilikuwa sili.”

Mpira wa tisa ukapita juu ya mgongo wake.

“Tisa!” wakaimba wafu, wakianza kuvua ndala.