Mguu wa sokwe
Mguu wa sokwe ni kiungo cha kutembelea na pia cha kushikia: kidole gumba chake kimeachana na vingine, hivyo hukamata tawi kama mkono. Katika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960, sokwe huutumia kupandia michikichi. Ardhini hukanyaga kwa wayo mzima.

Kwa ndege wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jirani na hapo, mahitaji ni mengine. Furukombe ana magamba yenye ncha chini ya vidole, yanayomzuia samaki mtelezi kuponyoka. Mnandi, mpiga mbizi hodari, ana utando unaounganisha vidole vyote 4, na mguu wake huwa kasia.

Tofauti na la sokwe, gumba la mguu wa binadamu limelala sambamba na vidole vingine, halishiki tawi.