Karakana ya Don Bosco

Wako wazazi wasemao: "Mwanangu akishika mafuta ya motokari, amesoma bure." Basi tusikilize historia.

Padri Yohane Bosco wa Torino, katika Italia, aliona vijana maskini wakiteswa na mabwana wa kazi. Mwaka 1852 alimfanyia kijana mmoja mapatano ya maandishi na fundi seremala: amfundishe kazi yake, amwonye kwa maneno, si kwa fimbo, na Dominika ampumzishe. Kisha akafungua karakana zake mwenyewe: mwaka 1853 viatu na nguo, mwaka 1862 uhunzi.

Motokari ya Karl Benz ilitokea mwaka 1886. Padri Bosco alikufa mwaka 1888. Lakini wanawe walikuwa wamekwisha kuonyeshwa njia. Mwaka 1911 Wasalesiani walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakafundisha vijana kazi za mikono.

Mwanafunzi apimaye mafuta ya injini kabla ya safari, na kutengeneza breki bila udanganyifu, analinda uhai wa watu. Yesu mwenyewe alikuwa seremala. Tusimdharau mtoto kwa sababu ya mikono yenye mafuta. Tumtafutie fundi mwema, ashikaye mapatano yale ya Torino.