Nishati za kupasha joto nyumba

Katika nchi zenye baridi kali, nyumba hupashwa joto kwa kuni, makaa ya mawe, mafuta, gesi au umeme. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya lita au kilo, na hapo ndipo wanapopotea: kinacholipiwa ni joto linalofika chumbani.

Kwa kipimo cha kilowati-saa, yaani ile uniti ya bili ya umeme, lita moja ya mafuta ya kupashia joto, ambayo hayatofautiani sana na dizeli, ina takriban uniti 10. Lita ya propani ina 7 hivi, kwa hiyo propani yenye bei ndogo kwa lita yaweza kumgharimu mtu zaidi. Kilo ya peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa, ina karibu 4.8. Kuni zilizokauka zina 4. Mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji, hazifiki 2.5, maana moto huanza kwa kuyachemsha maji hayo. Ndiyo sababu wazoefu hupasua kuni leo za kuchoma mwakani.

Chombo nacho kina neno. Meko ya ukutani iliyo wazi hupendeza macho, lakini joto lake jingi hutokea kwenye dohani. Jiko la chuma lenye mlango huokoa asilimia 70 hadi 80 ya joto la kuni. Pampu ya joto haichomi kitu: huvuta joto la hewa ya nje na kulileta ndani, kwa kanuni ile ile ya friji. Uniti moja ya umeme yaweza kuleta uniti 3 za joto, ingawa kadiri nje kunavyozidi kuganda ndivyo faida hiyo inavyopungua.

Hata nchi nzima yaweza kubadili nishati yake. Uswidi ilitegemea sana mafuta hadi bei zilipopanda mwaka 1973. Ikatandaza mabomba ya maji moto mijini, ikachoma mabaki ya mbao na taka, na mwaka 1991 ikaanza kutoza kodi ya kaboni. Maine, jimbo la Marekani lililojaa misitu, bado linaongoza nchini humo kwa kutegemea mafuta.

Afrika Mashariki nako, katika nyanda za juu kama Njombe na Limuru, wengi huota moto wa jiko la mkaa. Likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Mkaa usiingizwe kabisa chumba cha kulala.